Pointi Ishirini na Moja

Jumatatu, 11 Februari 2019

Meli. Ati meli! Kagure amenipigia simu asubuhi nikichambua maharagwe, akaniambia kuna kazi ya meli. Nikamwambia amekosea namba, hapa ni Githongo, sisi chombo cha majini tunachokijua ni karai. Akacheka mpaka akakohoa.

Si meli kubwa, kumbe. Ni boti ya chuma ya kubeba watu. Mchoraji ni Mzungu yuko kwao, ameichora kwa programu yake. Wanaoitengeneza wana programu nyingine, ile ya kukata vyuma, na hizo mbili hazisikizani. Faili ya huyu haifunguki kwa yule. Anatafutwa mtu wa katikati wa kuigeuza. Kagure huchukua kazi kama hizi mtandaoni akiwa Nairobi, halafu anatugawia sisi wa mashambani, na hasemi ni za nani. Mimi nimezoea ramani za mashamba na nyumba za vyumba vitatu. Boti sijawahi kupanda. Sijawahi hata kuigusa na mkono!

Nimesema ndiyo. Mdomo wangu huwa unanitangulia, sijui unaharakia wapi.

Jumanne, 12 Februari

Nimefungua faili nikapiga nduru. Binti yangu, Cicily mdogo, akatoka nje mbio akidhani ni nyoka. Boti ina urefu wa kilomita tisa! Kilomita! Ukiilaza barabarani hapa Githongo watu wa huko mbele wataamka waipate mlangoni. Nimekaa hapo nikiitazama kama mjinga, kabla ya kugundua kwamba Mzungu anapima kwa milimita na programu yangu imesoma ni mita. Nikagawa kwa elfu. Mita tisa na kitu. Nikapumua.

Halafu mshtuko wa pili: wamenitumia nusu! Upande wa kushoto tu, wa kulia hakuna. Nikamwandikia Kagure kwa hasira, mwambie mtu wako atume boti nzima, mimi si fundi wa vipande. Akanijibu polepole vile mtu anafundisha nasari. Pande mbili za boti ni sawa, kwa hivyo wao huandika upande mmoja, ule mwingine kompyuta inaupindua kama kioo.

Aibu. Nimeenda kukamua ng'ombe saa tisa badala ya saa kumi ili nisitazame hiyo skrini.

Alhamisi, 14 Februari

Sasa naielewa. Boti ndani ya faili si picha, ni orodha. Wameikata kama mkate, slesi ishirini na moja kutoka mbele mpaka nyuma, na kila slesi ina pointi zake, kuanzia chini tumboni mpaka juu ukingoni. Kazi yangu ni kuzitoa huku, kuzipanga vile ile programu nyingine inataka, halafu hiyo programu inachora mstari unaofuata pointi zote na umbo linatokea.

Na nimemshika Mzungu na makosa! Kila slesi ina pointi moja iliyoandikwa mara mbili. Namba zilezile, moja chini ya nyingine. Slesi ishirini na moja, makosa ishirini na moja. Nimecheka peke yangu. Miaka minne nilikuwa karani katika kiwanda cha kahawa, nikisafisha rejista ya wanachama, na bosi alikuwa na neno moja tu: dabo ni mwizi. Jina likitokea mara mbili kata moja, usiulize. Nilikuwa mkali kwa hiyo kazi mpaka wakanipa saa ya ukutani siku ya kuaga. Bado inatembea.

Nimezifuta zote ishirini na moja. Mstari umepita laini, tumbo la boti limekuwa la mviringo, limenona kama ndizi ya Mitunguu. Limependeza kuliko lake.

Munyi amepiga jioni. Mume wangu ni mwalimu huko Mbeere, ng'ambo ya bwawa, nyumbani huja mwisho wa mwezi. Leo ni siku ya wapendanao lakini hakuwa na maneno ya mapenzi. Asubuhi walikuwa wakivusha watoto na ule mtumbwi wao wa kuungwa kwa mapipa, kiboko akaibuka karibu, watoto wote wakakimbilia upande mmoja kumwona. Msichana wa darasa la nne akaanguka. Walimvuta kwa sweta. Kwa sweta! Anasema kuna shirika limewaahidi boti ya maana. Ahadi tumezisikia nyingi.

Jumamosi, 16 Februari

Nimetuma. Kagure ameandika kwamba mteja amefurahi, kazi ni safi. Safi!

Jumamosi, 13 Aprili

Ishiara. Jua la huku halina adabu. Shule zimefungwa, tumekuja mimi na mtoto kwa mama mkwe, Munyi akatupokea stendi. Tukapitia nyuma ya soko kwa njia ya mkato, kwa karakana ya kuchomelea vyuma ya mtu anaitwa Mbaka.

Nimesimama katikati ya njia, mtoto akanivuta, sikuenda.

Boti. Imepinduliwa juu ya magogo, tumbo juu, bado haijapakwa rangi. Naijua! Sijawahi kuona boti maishani mwangu na hii naijua kuliko ninavyojua miguu yangu. Ule mgongo wa mviringo. Vile inajikaza mbele. Ningeweza kufumba macho nikaonyesha slesi ya tisa iko wapi. Nimeenda nikaweka kiganja juu ya chuma, kikanichoma, na sikutoa mkono.

Munyi akasema, si hii ndiyo boti yetu ya shule, ile ya ahadi! Itabeba watoto ishirini na nane na walimu wawili kila safari. Kazi ilitoka Ulaya, ikapita Nairobi, ikaja jikoni kwangu Githongo, kumbe ilikuwa inamwendea mume wangu!

Nilitaka kupiga kelele kwamba ni yangu. Lakini Mbaka alikuwa ameanza kulalamika, akitafuna yale majani yao ya muguka, akigonga chuma na nyundo. Anasema aliyechora hii kitu alikuwa mlevi. Boti zote alizotengeneza za bwawani zina kona hapa chini ubavuni, unakunja bamba mara moja umemaliza. Hii amepindapinda wiki tatu kupata mviringo, mikono imekwisha. Munyi akacheka. Na mimi nikacheka, kidogo.

Nyumbani nikamwambia Munyi siri yangu. Alimbeba Cicily mdogo juu ya mabega akazunguka naye uwanja mzima. Humwita Mama, kwa sababu mtoto ana jina la mamake Munyi. "Mama, umesikia? Mama yako ametuundia boti!"

Nimelala mchana na furaha. Hilo neno la kona nikalipuuza.

Jumatatu, 15 Aprili

Niandike polepole.

Mama mkwe alienda zahanati kuchukua neti za mbu. Akarudi na moja badala ya mbili. Kisa? Karani aliona Cicily Igoki, halafu chini yake Cicily Igoki, nyumba moja, akakata mmoja. Mama akamwelezea kwamba yeye ni Cicily Igoki na mjukuu aliyemwandikisha kwake ni Cicily Igoki, ndivyo tunavyoita watoto, kwani yeye karani alizaliwa wapi? Karani akasema kompyuta haitaki dabo.

Mimi nikawaka. Nilikuwa nasonga ugali, nikaanza kupiga mwiko kwa sufuria. Nikasema huyo karani ni mjinga wa mwisho, huku hakuna boma halina majina mawili, si angeuliza kwanza? Ni nani alimwambia kitu kikiwa mara mbili ni makosa? Ni nani alim—

Mwiko ukaniponyoka. Mama akaniuliza, "Mama Cicily, umeungua?"

Nikasema ndiyo, nimeungua.

Ugali nimeuacha ukashika. Nimetoa laptopu, nimefungua faili ya Mzungu na yangu, nikaziweka moja juu ya nyingine. Ile pointi ya mara mbili iko ubavuni, kwa kila slesi, palepale Mbaka alipogonga na nyundo. Mstari wa chini unaishia kwa ile ya kwanza. Mstari wa juu unaanzia kwa ile ya pili. Hazikuwa makosa. Ilikuwa kona! Alikuwa anaiambia kompyuta hapa usipitishe laini, hapa kata. Na mimi nimemkata mtu hai kwa rejista, mara ishirini na moja, na kalamu ileile iliyonipa saa ya ukutani.

Ngai. Mungu wangu.

Mahali maji yatafika, boti yangu ni nyembamba kuliko yake kwa sentimita ishirini. Kila upande.

Jumanne, 16 Aprili

Anwani ya mchoraji nimeipata ndani ya faili, juu kabisa. Nimemwandikia kwa Kiingereza changu cha chuo. Amejibu baada ya saa mbili. Mistari miwili. Pointi mbili pamoja maana yake ni kona, tafadhali zisiondolewe, boti hii inasimama kwa sababu ya hizo kona. Akauliza kwani kuna mtu ameziondoa.

Sijamjibu.

Nimempigia Kagure. Akasema mteja alishapokea na kukubali, mimi nimeze hiyo maneno. Nikamwambia ni watoto. Akasema simu yake inaisha moto, chaji ni kidogo. Inaisha moto saa nne asubuhi!

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia Munyi. Nyuma ya nyumba, kwa mti wa muguka, mama asisikie.

Aliuliza kama itazama. Nikasema hapana. Ikiwa tupu itaelea vizuri sana, hata utaipenda. Watu wakikaa katikati wametulia, itaelea. Shida ni wakienda upande mmoja. Boti ya kona ikiinama, ile kona inaingia majini na kuisukuma irudi. Yangu haina cha kuisukuma.

Akawa anachuna majani ya muguka na kuyaangusha chini, na yeye hatafuni.

"Na watoto wakiona kiboko, wanakaa katikati?"

Akaondoka akaenda kufunga mbuzi, mbuzi ambao walikuwa wameshafungwa.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Kanisani wametangaza. Boti itabarikiwa Jumatatu tarehe ishirini na tisa, siku ya kufungua shule, na watoto wavuke nayo palepale, wageni wapige picha. Watu wakapiga makofi. Nikaona mikono yangu nayo inapiga.

Baada ya ibada nilienda kwa Mbaka. Alikuwa anapaka rangi ya buluu. Nikamwambia mchoro ulikuwa na makosa, ilipaswa kuwa na kona, isiende majini. Aliweka brashi chini polepole. Hakukasirika, na hilo ndilo limeniumiza. Akasema, "Si nilisema?" Akasema alienda hadi kwa watu wa shirika kuuliza, wakamwambia yeye ni wa kuchomelea, wenye kuchora wamesoma.

Halafu akaniuliza ni nani aliyechora.

Nikasema sijui.

Sijui! Ijumaa Kuu, dakika kumi kutoka kanisani! Petro akimkana Yesu angalau alikuwa anasikia baridi, mimi nilikuwa Ishiara saa saba mchana.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Sijaenda kanisani, nimesema kichwa.

Jumanne, 23 Aprili

Tulienda mimi na Munyi kwa Madam Phyllis, mwalimu mkuu wake. Mama mnene, mpole, lakini ukimwambia neno ambalo hataki anavua miwani. Alivua. Amengoja boti miaka sita. Ameandika barua mpaka wino wa ofisi ukaisha. Sasa mke wa mwalimu anatoka Meru kumwambia isiende majini, kwa sababu gani? Munyi alinitazama. Hiyo ilikuwa nafasi yangu, aliniachia wazi kama mlango. Nikasema nimesomea mambo ya kuchora na nina wasiwasi. Wasiwasi!

Tulipofika sokoni Munyi akasema jambo moja: nikitaka kumwogopa Madam Phyllis niendelee, yeye anaogopa Jumatatu.

Nimesoma mpaka bando ikaisha. Kuna njia ya kupima boti bila kuizamisha. Unafunga kamba yenye jiwe kwa nguzo, unaweka rula chini yake, unasogeza uzito kutoka katikati hadi ubavuni, unaona jiwe linasogea kiasi gani. Chuma hakiwezi kubishana na jiwe.

Alhamisi, 25 Aprili

Madam Phyllis amekubali boti ipimwe Jumamosi, kabla wageni hawajafika. Nadhani amekubali ili tunyamaze. Lori limeshusha boti bwawani. Cicily mdogo alilia akitaka kwenda nayo.

Nimepiga hesabu mara tano. Boti ya Mzungu, kamba ya mita moja, gunia la kilo tisini: jiwe litasogea sentimita mbili kwa kila gunia. Magunia sita, kumi na mbili. Hiyo ni boti nzuri. Yangu sijui. Nimeshindwa kumaliza hesabu yake, nilifika katikati nikafunga laptopu.

Labda nimekosea. Mungu, hii mara moja, nifanye nimekosea.

Jumamosi, 27 Aprili

Niko kando ya bwawa, nimekaa juu ya jiwe. Munyi yuko ndani ya boti na wanaume wawili wa kusogeza magunia. Yeye anasoma rula anaita, mimi naandika. Nimesahau karatasi nyumbani, nina hili daftari tu, kwa hivyo naandika hapa.

Watu wamejaa. Wazazi, watoto, mama mkwe na mjukuu wake. Nani aliwaambia? Boti ni ya kupendeza, buluu, imetulia juu ya maji kama kuku kwa mayai. Mtu amesema, si hiyo hapo inaelea? Wengine wakacheka. Mbaka amesimama peke yake, hatafuni kitu.

Magunia yote katikati. Jiwe limesimama. Sifuri.

Gunia la kwanza. Munyi ameita: nne na nusu.

Nimemwambia asome tena. Nne na nusu.

La pili. Tisa na nusu. Hakuna anayecheka. Boti imeinama, hata mtoto anaona. Mmoja wa wale wanaume ameshika nguzo kwa mikono miwili. Madam Phyllis ameuliza ilipaswa kuwa ngapi, nikamwambia nne. Akavua miwani.

La tatu. Munyi hakuita. Nikamwita mimi. Akasema kumi na tano, kwa sauti ambayo sijawahi kusikia ikitoka kwake. Ukingo uko karibu na maji, naweza kuhesabu vidole kati yake. Magunia matatu tu! Kilo mia mbili na sabini. Hao ni watoto tisa. Tisa tu, wakiangalia kiboko.

Nimepiga kelele wasiongeze. Wanakaa bila kusogea, wanaogopa kurudisha magunia.

Madam Phyllis amemgeukia Mbaka. Mbele ya watu wote. Anamwambia amewaharibia chuma, miaka sita, na watoto angewaua. Mbaka amesema alikunja vile karatasi ilisema, na akauliza, na akafukuzwa. Hakuna anayemsikiza. Mzazi mmoja amemsukuma kifuani. Mbaka hajarudisha mkono. Ananitazama mimi, si kwa ubaya, anangoja tu niseme ule mchoro ulikuwa na makosa.

Munyi naye ananitazama, kutoka huko ndani, ameshika nguzo.

Nimesimama. Nimesema si Mbaka. Nimesema ni mchoro, ulibadilishwa, kona zilitolewa.

Halafu Madam Phyllis: "Na aliyezitoa ni nani?"

Nimesema namjua.

"Basi andika hapo, wewe ndiye una kalamu. Andika majina yote. Hatutaki achanganywe na mtu mwingine."

Naandika. Ednah Kiende. Kwetu tuko wawili wa jina hilo, mimi na nyanya yangu, na nyanya hajawahi kugusa kompyuta. Ednah Kiende mdogo, mke wa Munyi, wa Githongo.

Munyi bado yuko majini. Boti haijarudi wima. Madam Phyllis amevaa miwani, anakuja huku, amenyoosha mkono anataka daftari. Si karatasi. Daftari lote, na humo nimeandika kila kitu tangu Februari